Sauti Iliyobaki Uwandani: Uhakiki wa Tasnifu ya Uzamili ya Sosholojia katika Afrika Mashariki

Ikisiri

Makala hii inahakiki tasnifu ya shahada ya uzamili katika sosholojia kama utanzu wa uandishi wenye kaida zake, tangu mwombaji anapoandika barua ya kuomba nafasi ya masomo hadi anapokabidhi nakala iliyojalidiwa. Hoja yake kuu ni kwamba hatua nzito kuliko zote katika utafiti wa aina hii, yaani kuhamisha maneno ya mtafitiwa kutoka Kiswahili au lugha nyingine ya eneo kwenda Kiingereza au Kifaransa, hufanyika bila kusimamiwa, bila kutahiniwa na mara nyingi bila kutajwa. Kwa kutumia mifano ya maneno ya kawaida kama vile kazi, bado, chai na bibi, makala inaonesha kwamba kinachopotea katika hatua hiyo si ladha ya usemi, bali ni data yenyewe. Aidha, inarejelea maandishi mawili yanayodokeza njia tofauti: riwaya za mwanasosholojia Chachage Seithy L. Chachage na historia ya mji wa Elisabethville iliyokusanywa na André Yav. Mwisho, inatoa mapendekezo matano kwa vyuo vikuu na vyombo vya Jumuiya ya Afrika Mashariki.

1.0 Utangulizi

Mijadala kuhusu nafasi ya Kiswahili katika elimu ya juu ya ukanda wetu imezoea kuuliza swali moja: je, Kiswahili kinaweza kufundishia? Swali hilo limeulizwa sana na limejibiwa sana. Sera ya Elimu na Mafunzo ya Tanzania ya mwaka 2014 ilikitaja Kiswahili kuwa lugha ya kufundishia na kujifunzia katika ngazi zote. Rwanda ilikifanya kuwa lugha rasmi mwaka 2017. Mwaka 2021 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki waliridhia Kiswahili na Kifaransa viwe lugha rasmi za Jumuiya sambamba na Kiingereza, na mwaka huohuo UNESCO ikaitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Matamko hayapungui.

Makala hii inauliza swali la chini zaidi, nalo ni la kimethodolojia kuliko la kisera: mwanafunzi wa uzamili katika sosholojia anapotoka uwandani na daftari lililojaa maneno ya watu, maneno hayo huenda wapi? Sosholojia imechaguliwa kwa sababu maalumu. Mwanafunzi wa kemia hupima kitu kisichosema. Mwanafunzi wa sosholojia, hasa anayetumia mahojiano na hojaji, hupima watu wanaosema, na wanachosema ndicho kipimo chenyewe. Hivyo lugha katika taaluma hii si chombo cha kuwasilishia matokeo tu. Lugha ni sehemu ya matokeo.

Uhakiki huu unaisoma tasnifu kama mhakiki wa fasihi anavyousoma utanzu: kwa kuangalia kaida zake, sehemu zake, msemaji wake, na wale ambao utanzu wenyewe umewanyamazisha. Utafuata safari ya mwanafunzi mwenyewe, yaani mlangoni, uwandani, mezani na mbele ya watahini.

2.0 Mlangoni: Maombi ya Kujiunga

Mwombaji wa uzamili katika sosholojia hutakiwa kuwasilisha vyeti na nakala za matokeo, barua za wadhamini wa kitaaluma, na kwa vyuo vingi maelezo mafupi ya wazo la utafiti. Kwa mwombaji anayebaki katika nchi yake, hatua hii ni ya subira na ada. Kwa anayevuka mpaka, ni ya tafsiri.

Chukua mwombaji aliyehitimu katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo chini ya mfumo wa zamani. Alisoma miaka mitatu ya graduat na miwili ya licence. Akiomba nafasi Kampala au Dar es Salaam, cheti chake cha miaka mitano huwekwa kwenye mizani pamoja na shahada ya kwanza ya miaka mitatu, na neno licence, ambalo katika mageuzi mapya ya vyuo vinavyofuata mkondo wa Kifaransa lina maana nyingine, humletea mashaka asiyostahili. Tangu mwaka 2017 wakuu wa nchi walipoitangaza Jumuiya kuwa eneo moja la elimu ya juu, kazi ya kulinganisha vyeti imepata msingi rasmi. Hilo ni jema, na mjadala wake hauhitaji kurudiwa hapa.

Lisilojadiliwa ni upande wa pili wa mizani. Mwombaji huyo hudaiwa ushahidi kwamba anaweza kusoma na kuandika Kiingereza. Akielekea chuo cha Kifaransa, hudaiwa Kifaransa. Hakuna anayemuuliza iwapo anaijua lugha ya watu anaokusudia kuwatafiti. Anaweza kuandika kwamba atachunguza maisha ya wachuuzi wa mpakani Uvira au wavuvi wa Kigoma, na fomu ikapita meza zote bila mtu kuuliza atazungumza nao kwa lugha gani. Lugha ya kuandikia ni sharti, ilhali lugha ya kusikilizia ni jambo lake binafsi. Mpangilio huu wa mlangoni ndio unaotabiri yote yanayofuata.

3.0 Uwandani: Hatua Isiyo na Shahidi

3.1 Ridhaa kwa Lugha Moja, Ushahidi kwa Lugha Nyingine

Kabla ya kwenda uwandani mwanafunzi huomba vibali. Uganda ina Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia, Tanzania ina COSTECH, Kenya ina NACOSTI, na vyuo vina kamati zao za maadili. Kamati za maadili kwa kawaida hudai fomu ya ridhaa itafsiriwe katika lugha anayoielewa mtafitiwa, na nakala ya tafsiri iambatishwe. Hitaji hilo ni la haki kabisa: haiwezekani mtu akubali asichokielewa.

Lakini tutazame mantiki yake kwa ukamilifu. Lugha ya mtafitiwa inahitajika ili aseme ndiyo. Akishasema ndiyo, haihitajiki tena. Maneno atakayoyasema kwa saa nzima baada ya kutia saini yatanukuliwa, yatatafsiriwa na kufupishwa na mwanafunzi peke yake, usiku, kwa haraka, na hakuna kamati itakayotaka kuona nakala ya asili. Saa moja ya sauti iliyorekodiwa hudai saa kadhaa za unukuzi, na tafsiri hudai nyingine. Kazi hiyo haimo katika bajeti ya pendekezo la utafiti wala katika ratiba. Mwanafunzi anayejilipia ada hufanya jambo linaloeleweka: husikiliza Kiswahili na kuandika Kiingereza moja kwa moja, bila kupitia maandishi ya Kiswahili. Kinachobaki katika kumbukumbu za utafiti hakikuwahi kusemwa na mtu yeyote.

3.2 Maneno Manne

Athari ya hatua hii haionekani tukizungumzia tafsiri kwa ujumla. Inaonekana tukichukua neno mojamoja.

Neno la kwanza ni kazi. Mtafiti anauliza, "Una kazi?" Mama anajibu, "Sina kazi, nauza vitumbua tu." Katika jedwali jibu hilo linaweza kuingia kama ukosefu wa ajira, au, kwa mtafiti makini, kama ajira isiyo rasmi. Vyote viwili vinapoteza silabi moja: tu. Katika silabi hiyo mama ametoa nadharia nzima ya ajira. Anajua kwamba anafanya kazi, maana ameamka alfajiri. Anajua pia kwamba jamii na dola haziiiti kazi, kwa kuwa katika matumizi ya wengi kazi ni ile yenye mwajiri na mshahara. Mwanasosholojia aliyekwenda kutafuta namna watu wanavyotambua nafasi yao katika uchumi amepewa jibu, kisha amelitupa ili apate takwimu.

La pili ni bado. "Umeolewa?" "Bado." "Una watoto?" "Bado." Hojaji ina visanduku viwili, ndiyo na hapana, na bado hutiwa katika hapana. Lakini msemaji hakusema hapana. Kiswahili kingemruhusu, naye hakutaka. Bado ni jibu la mtu anayekiri kwamba jamii inamsubiri afike mahali fulani, na kwamba anaonekana yuko njiani hata kama mwenyewe hakusudii kufika. Tasnifu kuhusu ndoa, uzazi au shinikizo la ukoo inayosimba bado kuwa hapana imefuta shinikizo lilelile ililokwenda kulichunguza.

La tatu ni chai. Katika utafiti kuhusu huduma za umma, mtafitiwa husema aliombwa chai, au kitu kidogo, au kwamba alitoa asante. Tafsiri ya kawaida huyafanya yote matatu kuwa rushwa. Kisheria huenda ni sawa. Kisosholojia ni makosa, kwa sababu Kiswahili kina neno rushwa, na msemaji ameliacha kwa makusudi. Chai hudaiwa, asante hutolewa baada ya huduma, na kitu kidogo kinadokeza kwamba mdai na mdaiwa wanashirikiana kulipunguza uzito jambo lenyewe. Mshauri wa sera anayesoma kwamba asilimia fulani ya wananchi walitoa rushwa hawezi kujua ni wangapi walidaiwa na ni wangapi walishukuru, na hatua zinazofaa kwa makundi hayo mawili hazifanani.

La nne ni bibi. Mtafiti aliyelelewa Dar es Salaam akimsikia mzee wa Lubumbashi akisema bibi yangu, huenda akaandika habari za nyanya wa mzee, kumbe ni mke wake. Katika utafiti wa ukoo na familia, kosa hilo linahamisha mtu vizazi viwili. Mfano huu unatukumbusha kwamba tatizo haliko kati ya Kiswahili na Kiingereza pekee. Liko pia ndani ya Kiswahili chenyewe. Kaya katika dodoso za Tanzania ni watu wanaoishi na kula pamoja. Kwa Wamijikenda wa pwani ya Kenya, Kaya ni makazi ya kale yenye misitu mitakatifu. Na jijini Kampala, ambako Kiswahili kwa muda mrefu kilihusishwa na jeshi na polisi, swali linaloulizwa kwa Kiswahili linaweza kumfanya mtu mzima achague maneno yake kwa tahadhari kabla hata hajajua ameulizwa nini. Lugha ya mahojiano ni sehemu ya mazingira ya mahojiano, na inapaswa kuelezwa kama zinavyoelezwa sampuli na mahali.

4.0 Mezani: Utanzu wa Sura Tano

Tasnifu ya uzamili imejengwa kwa kaida inayojulikana: utangulizi, mapitio ya maandiko, methodolojia, matokeo, na hitimisho lenye mapendekezo. Vyuo vingine huongeza sura ya sita. Kaida hiyo si mbaya. Humsaidia mwanafunzi ambaye hajawahi kuandika kurasa mia moja kujua aanzie wapi.

Ila kila utanzu una msemaji anayekubalika na msemaji asiyekubalika. Katika sura ya pili wanasema Durkheim, Weber na Bourdieu, kila mmoja kwa jina na mwaka. Katika sura ya tatu inasema mbinu: ukubwa wa sampuli, namna ya kuiteua, vyombo vya kukusanyia data, uhalali na uthabiti. Katika sura ya nne ndipo mtafitiwa anaporuhusiwa kusema, kwa nukuu fupi zilizosogezwa ndani ya ukurasa, na anasema Kiingereza safi. Muuza mitumba wa Buyenzi, mwendesha bodaboda wa Mbarara na mkulima wa Kasulu wote huzungumza kwa sarufi moja na kwa msamiati wa ripoti za wafadhili. Msomaji wa fasihi angeshtuka: wahusika wote wana sauti ya mwandishi. Katika riwaya tungeuita huo udhaifu wa usawiri. Katika tasnifu huitwa matokeo.

Sura ya tatu hutumia kurasa kadhaa kueleza kwa nini walihojiwa watu arobaini na si sitini, lakini suala la lugha, kama limetajwa, hupewa sentensi moja: kwamba mahojiano yalifanyika kwa Kiswahili na kutafsiriwa. Nani alitafsiri, nani alihakiki tafsiri, na maneno gani yaligoma kutafsirika, hayo hayamo.

Lawama haimwendei mwanafunzi. Anaandika kile ambacho mwongozo wa chuo umemwomba na kile ambacho mtahini atakisoma. Mtahini wa nje anayetoka nchi nyingine huenda hajui lugha ya uwandani hata kidogo, hivyo akipewa nukuu za asili hawezi kuzitumia. Msimamizi ana wanafunzi wengi na muda mchache. Mfumo mzima umepangwa kwa namna ambayo tafsiri mbaya haiwezi kugunduliwa. Na jambo lisiloweza kugunduliwa haliwezi kuboreshwa.

5.0 Njia Mbili Zilizokwisha Kuonekana

Ingekuwa vigumu kudai kaida nyingine kama hakuna aliyewahi kuijaribu. Wapo.

Wa kwanza ni Chachage Seithy L. Chachage, aliyekuwa profesa wa sosholojia katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hadi alipofariki mwaka 2006. Sehemu kubwa ya maandishi yake ya kitaaluma iko katika Kiingereza. Sambamba nayo aliandika riwaya kwa Kiswahili: Sudi ya Yohana, Kivuli, Almasi za Bandia, na Makuadi wa Soko Huria ya mwaka 2002, inayochukua mgogoro wa mradi wa kamba katika delta ya Rufiji na kuutumia kuhoji uchumi wa soko huria. Wahakiki wameijadili riwaya hiyo kama fasihi ya kisiasa. Tunapendekeza isomwe pia kama dalili. Mwanasosholojia mwenye cheo cha juu kabisa katika taaluma yake alipotaka kueleza jamii kwa lugha ya jamii hiyo, mahali palipokuwa wazi kwake palikuwa riwaya. Sosholojia ya Kiswahili ipo, lakini imehifadhiwa katika rafu za fasihi, ambako mwanafunzi wa uzamili katika sosholojia haelekezwi kwenda kuitafuta.

Wa pili hakuwa msomi wa chuo. Mwaka 1965, André Yav alikusanya kwa Kiswahili cha mji wake historia ya Elisabethville, leo Lubumbashi, kwa niaba ya watu waliokuwa watumishi wa nyumbani. Ni maelezo ya ukoloni kutoka jikoni na uani, yaliyotolewa na waliopika na kufua. Mwaka 1990 Johannes Fabian aliyachapisha kwa kuweka matini ya asili, tafsiri na maelezo katika juzuu moja. Umuhimu wa uamuzi huo kwa mada yetu ni wa kiutendaji. Msomaji asiyekubaliana na tafsiri anaweza kurudi kwenye maneno ya Yav na kubishana. Tafsiri imewekwa hadharani kama dai la kitaaluma, lenye kuthibitishwa au kukanushwa. Hicho ndicho tasnifu zetu zinachokosa, wala hakihitaji teknolojia mpya. Kinahitaji kurasa.

6.0 Hoja Pinzani

Hoja ya kwanza inadai kwamba Kiingereza na Kifaransa humpa mhitimu uwezo wa kuvuka mipaka. Ni kweli, na makala hii haipendekezi kumnyima. Kuhifadhi maneno ya asili ndani ya tasnifu ya Kiingereza hakupunguzi Kiingereza chake.

Hoja ya pili inahusu istilahi. Hapa historia inajibu. Tabaka, unyonyaji, ubepari, ukoloni mamboleo: maneno haya yalikomaa kwa kutumiwa katika hotuba, magazeti na vitabu, na leo hayamkwazi msomaji. Idara za Kiswahili za vyuo vyetu zimekuwa zikipokea tasnifu zilizoandikwa kwa Kiswahili kwa miongo kadhaa. Kuna tofauti ya msamiati kati ya isimu na sosholojia, lakini hakuna tofauti ya uwezo.

Hoja ya tatu ndiyo nzito. Watafitiwa wengi wa Uganda, Rwanda na Burundi hawasemi Kiswahili nyumbani. Wanasema Kiganda, Kinyankore, Kinyarwanda, Kirundi na nyinginezo. Tukiweka Kiswahili sanifu mahali pa Kiingereza, si tutakuwa tumewafuta kwa mkono mwingine? Tutakuwa tumewafuta. Kwa hiyo kanuni inayotetewa hapa si kwamba tasnifu iandikwe kwa Kiswahili, bali kwamba lugha iliyosemwa uwandani ibaki ikionekana katika tasnifu, iwe lugha ipi. Wapenzi wa Kiswahili tunapaswa kuikubali kanuni hiyo hata pale inapotudai sisi. Lugha iliyolalamikia kumezwa haina haki ya kumeza.

7.0 Mapendekezo na Hitimisho

Kutokana na uhakiki huu, makala inapendekeza yafuatayo:

(i) Fomu za maombi ya uzamili katika sosholojia zimtake mwombaji ataje lugha ya uwandani na kiwango chake cha kuimudu, au aeleze atakavyofanya kazi na mkalimani.

(ii) Pendekezo la utafiti liwe na kifungu cha lugha chenye bajeti na muda wa unukuzi na tafsiri. Kamati za maadili ziyape maneno ya mtafitiwa uzito uleule zinaoupa ridhaa yake.

(iii) Nukuu za watafitiwa ziwekwe kwanza katika lugha ya asili, kisha tafsiri, na hojaji au miongozo ya usaili katika lugha zote mbili iambatishwe. Kurasa za nukuu za asili zisihesabiwe katika ukomo wa maneno, ili mwanafunzi asiadhibiwe kwa uaminifu wake.

(iv) Angalau mmoja kati ya msimamizi na watahini aijue lugha ya uwandani. Pasipowezekana, chuo kiteue msomaji wa lugha atakayelinganisha sehemu ya tafsiri na sauti iliyorekodiwa.

(v) Kila tasnifu iwe na ikisiri pana katika lugha iliyotumika uwandani, na nakala yake ifikishwe katika ofisi ya kijiji, mtaa au kata ambako utafiti ulifanyika.

Mapendekezo haya yanaweza kuanza katika idara moja bila kusubiri tamko jingine. Yakikubalika, Baraza la Vyuo Vikuu la Afrika Mashariki lenye makao yake Kampala na Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki iliyoko Zanzibar ndivyo vyombo vinavyoweza kuyageuza kuwa mwongozo wa pamoja.

Kwa washauri wa sera walio miongoni mwa wasomaji, jambo linalohusika ni la moja kwa moja. Tasnifu za uzamili ni miongoni mwa maandishi machache yanayoeleza kwa kina hali ya kata moja au soko moja, na ripoti nyingi husimama juu yake. Mpango wa kuwawezesha wanawake wasio na kazi utakaoandikwa kwa kutegemea jibu la mama wa vitumbua utamtafutia kazi mtu aliye nayo, na utaliacha kama lilivyokuwa lile alilolilalamikia: kwamba kazi yake haihesabiwi. Alilieleza kwa ufasaha, kwa neno la silabi moja. Wajibu wa tasnifu ni kuhakikisha kwamba neno hilo linafika mezani kwa mshauri.